Spinster: Neno Lililonitembeza Wiki Tatu

Maana ya hili neno niliambiwa na mjukuu wangu Wendy, mwalimu wa Kiingereza, Jumamosi iliyopita tukichambua mbaazi. Mimi niliishia darasa la nne.

Afadhali ningeambiwa mapema. Magoti yangu yangepona.

Binti yangu Kalondu ana miaka arobaini na sita. Hajawahi kuolewa. Mwaka huu Laban, fundi wa mabomba kule Konza, akaleta mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Tangazo la ndoa likabandikwa kanisani. Laban, bachelor. Kalondu, spinster.

Kufika nyumbani, Kalondu akalipuka.

"Mwaitu, mama yangu, hilo neno litoke, ama siolewi!"

"Kwani linasema nini?"

"Linasema nimekaa hadi nikaganda kama maziwa."

Nikashika njia hadi ofisi ya kanisa. Karani, Kitheka, hata hakuinua macho.

"Shosho, ni fomu inasema hivyo. Mwanamke hajaolewa. Si matusi."

"Si wewe umeitwa."

"Kuja Alhamisi."

Alhamisi ameenda matanga. Jumatatu ameenda na ufunguo. Jamani!

Safari ya nne ndiyo akafuta, akaandika "hajaolewa". Nikarudi mbio kumwambia Kalondu.

"Hata hiyo tarehe ya harusi siipendi," akasema.

Laban naye akapiga simu. "Mama, kama hanitaki, aseme. Nimengoja tangu Januari."

Ndiyo nikamwagia Wendy hasira zangu juu ya mbaazi.

"Susu," akasema, "zamani huko Uingereza spinster alikuwa mtu wa kusokota nyuzi. Kazi tu. Wengi waliojilisha nayo hawakuwa na mume, basi jina likawabaki. Lakini siku hizi usimwite mtu hivyo. Linauma."

Mtu wa kusokota?

Kwa hii nyumba msokotaji ni Kalondu. Vidole vyangu vilikufa ganzi miaka sita iliyopita. Yeye husokota mkonge kwa paja, mimi nasuka vikapu vya kiondo.

Lakini wiki hizo nilikuwa naona paja lake limechubuka, na uzi mpya siuoni.

Nikaacha mbaazi, nikaingia chumbani kwake.

Chini ya kitanda, magunia matatu. Mabonge ya uzi hadi mdomoni.

Kalondu alinikuta nimekaa sakafuni.

"Ni yako, Mwaitu," akasema polepole. "Nikienda Konza nani atakusokotea? Nilitaka gunia la nne kwanza."

"Na spinster?"

"Liliniuma, ndiyo. Lakini lilinipatia wakati."

Wiki tatu! Na haya magoti!

"Mjinga wewe. Uzi ukiisha nitabeba kiti changu nije kwa Laban unisokotee. Mpigie simu sasa hivi."

Akapiga. Laban akacheka. "Mwambie mama asibebe kiti. Hapa viko."

Wazazi wenzangu, mtoto akigombana na neno, chungulieni chini ya kitanda chake kabla hamjakimbilia ofisini.

Wendy alikuwa ameshasinzia mkekani. Kalondu akaegemeza kichwa kwa gunia la tatu, na kabla chai haijachemka, naye akalala.