Shimo la Jino Lililokataa Kufunga

Wiki ya sita baada ya kung'olewa jino, ulimi wangu uligusa kitu kigumu, chenye ncha, ndani ya lile shimo. Nikajiambia: yule daktari kaniachia kipande, na anajua.

Nauza kanga Kariakoo, mtaa ambao ukikohoa asubuhi, kufika mchana umeshazikwa. Ndiyo maana miaka minne nyuma, nilipopigwa mionzi kwa uvimbe wa koo, niliaga kwamba naenda Songea kumuuguza mama. Nikarudi nimekonda, shingo iliyobabuka nimeifunika kwa ushungi.

Siku ya jino, jirani yangu, Mchaga wa duka la sufuria, alifunga duka anisindikize. Kwetu mgonjwa haendi peke yake. Akakaa pembeni, pochi yangu mapajani mwake. Daktari akauliza, "Mama, umewahi kupigwa mionzi kichwani au shingoni?"

"Sijawahi."

Jirani akatazama dirishani. Jino likang'olewa.

Kidonda kilipokataa kupona, nilianza kumshuku kila mtu. Mbona jirani ananiletea uji kila siku wala haulizi kitu? Wateja wakinong'ona mbele ya kanga, najua wananisema mimi.

Nikarudi kliniki peke yangu, nimejiandaa kugomba. "Umeniachia jino!"

Daktari alimulika ndani ya kinywa. "Hili si jino, mama. Ni mfupa wako." Kisha akafunga mlango, akarudia swali lake. Safari hii nikasema kweli.

Nikueleze alivyonieleza, maana huenda nawe una jino linalokusumbua. Mionzi inaua uvimbe, lakini inaziba pia mishipa midogo ya damu ndani ya taya. Mfupa unaweza kutulia miaka. Ukiujeruhi, kama kwa kung'oa jino, hauna damu ya kutosha kujiponya, unaanza kufa. Daktari akijua mapema, anaweza kulitibu jino bila kuling'oa. Kwa hiyo usimwogope. Mwambie tu.

Akaniandikia rufaa ya hospitali kubwa. Kama ule mfupa uliokufa haujaenea, utasafishwa. Kama umeenea, nitakatwa kipande cha taya.

Nikapita duka la sufuria. "Jirani, nina neno."

"La Songea?" Hakuacha kufuta sufuria. "Mama yako huyo uliyekuwa unamuuguza alinipigia simu siku zile zile, anakutafuta!"

"Miaka yote minne ulijua?"

"Na shingo nimeiona, ukifunga upya ushungi. Dada yangu alibabuka vivyo hivyo. Kwa daktari nilijua unadanganya, shoga, nikaona haya kukuumbua. Nilikosea."

Kesho yake alifunga duka tena. Hospitalini nesi hakumaliza hata swali. "Nimepigwa mionzi, shingoni, miaka minne sasa!" nikasema, benchi zima likageuka.

"Taratibu," jirani akanong'ona, "wamesikia mpaka Jangwani."

Picha ya taya ilionyesha mfupa uliokufa ni kipande kidogo. Watausafisha, taya itabaki. Nikamtazama daktari wa pale hospitalini usoni, nikatafuta kama ananificha kitu. Nikamwomba anionyeshe picha tena.