Pambio Mlimani

Juzi, kwenye basi hapa Toronto, kengele ndogo ililia kwenye begi la mwanafunzi, nikakumbuka kengele za wapanda mlima kule Japani, tulikokwenda likizo nilipokuwa mdogo. Siku moja kule mlimani, ukungu ulinuka majani mabichi. Ghafla kichaka kilitikisika kando ya njia. Baba alinibana mkono, akaanza kuimba pambio kwa sauti kubwa.

"Imba, mwanangu, usinyamaze!"

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimechoka.

"Imba!"

Nikaimba, nikidhani Baba amenogewa na likizo. Leo najua tulikuwa tukimfukuza dubu kwa sauti, kama wapanda mlima wale na kengele zao. Tuliteremka tukiimba mpaka kituoni. Hapo Baba aliketi, akajaribu kufungua kamba za viatu, vidole vikakataa. Nilidhani ni baridi. Nikavipulizia pumzi yangu ya moto.