Ndizi za Mwalimu

Watu wakisikia nafundisha karate hapa Majimbo, Embu, swali ni moja: unaweza kuvunja tofali? Tofali, jamani! Mwalimu wangu angekutuma kwa fundi wa mjengo. Kwake, kabla hujarusha teke hata moja, ulikaa sakafuni ukajifunza maneno. Dojo ni mahali pa kujifunzia njia, si uwanja wa kugombania. Sensei ni aliyezaliwa kabla yako, basi, si mfalme. Kuinama ni heshima, hata kwa yule aliyekuangusha. Na karate ni mkono mtupu.

Alikuwa Mmeru wa Muthara, amekuja Embu kufundisha hesabu, na jioni alitufunza sisi kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi miguu nilikuwa nayo, na mdomo pia. Siku ya mtihani wa mkanda mweusi mateke yote nilipita. Ndipo akauliza swali la mwisho: "Kwa nini tunasema mkono mtupu?"

"Mkono mtupu haulambwi, Mwalimu!"

Wenzangu walivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Alinifunga mkanda polepole, akasema, "Hilo hujanijibu. Siku moja utakuja unijibu."

Alistaafu, akarudi kwao. Mwaka huu, mvua zilipoisha, akanipigia simu. Sauti ilikuwa imekonda. Ni ini, akasema, na daktari amemrudisha nyumbani kwa sababu hakuna la kufanya tena.

"Kuja tu, mama. Usibebe kitu. Na uje na lile jibu langu."

Usibebe kitu! Nani huku kwetu hajui maneno hayo? Kila mtu huyasema, na hakuna anayeyatii. Mama yangu ndiye alinimaliza: "Utaingia kwa mgonjwa ukipunga mikono? Watasema sikukulea." Na wiki hiyo cherehani yangu, ndiyo inayonilisha, ilikuwa imeharibika, sina kitu. Nikasema ngoja kidogo nijipange. Nikangoja wiki mbili, mjinga mimi, nikionea haya mikono yangu mwenyewe.

Hata nilipoenda, nilishuka Meru mjini nikaingia soko la Gakoromone kumtafutia ndizi. Hizi mbichi mno, hizi zimepondeka. Nilibishana na muuzaji karibu saa nzima mpaka nikapata chana mbili safi, nikazipanga kwenye kiondo.

Kwenye lango la Mwalimu nilikuta vijana wakifunga turubai, na viti vya plastiki vimeshushwa. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Alikuwa amefariki alfajiri hiyo.

Mke wake alikuja akanishika mkono. Macho yake yalikuwa makavu.

"Jana alikuulizia mchana kutwa," alisema. "Mlango ukigongwa tu, 'Ni yule wa Embu?' Nikamwambia labda bado unatafuta cha kubeba. Akasema, 'Basi huyo hajanielewa mpaka leo.'"

Nililia pale langoni kama mtoto, wala sikujali nani ananitazama. Miaka yote hiyo nimesimama mbele ya watoto wa watu nikiwakaririsha: karate ni mkono mtupu, semeni tena, mkono mtupu. Na nilijiona najua.

Mke wa Mwalimu alipokea kiondo, akachungulia ndani, akasema asante, ndizi ni nzuri.

Mwalimu aliniomba jibu. Mimi nikamletea ndizi.