Shangazi wa Slaidi ya Mwisho

Juzi nilikuwa kwenye duka la kompyuta Kariakoo, mtoto mgongoni, nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akikagua slaidi za kutambulisha ndugu kwenye sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, jioni ileile. Programu aliyoitunga fundi wa duka mwenyewe ilichukua picha na majina, ikapanga slaidi zote kwa alfabeti.

Shangazi wa binti akatokea wa mwisho, nyuma ya majirani. Mama akashika kichwa.

“Mwanangu, wifi yangu akiona hivi anaondoka, na sherehe imekwisha.”

“Basi niiambie ipange kwa umri, mama.”

“Umri? Mimi ni mkubwa kwake, lakini yeye ndiye anayemkabidhi binti!”

Fundi akaacha kubonyeza. “Niambie mtakavyokaa ukumbini.”

Mama akafumba macho, akawa anaonyesha viti hewani kwa kidole. Fundi akampa kila ndugu namba, akairekebisha programu ifuate namba hizo. Shangazi akaja wa kwanza, mama akacheka.

Njiani nilijiuliza kama ningeweza kuvionyesha viti vya ukweni kwangu nikiwa nimefumba macho. Nadhani ningekosea cha kwangu.