Kipimo Nilichokitunga Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitumwa kuuliza swali moja tu, na hilo moja likanishinda. Nilikuwa kibarua wa wapima barabara hapa Tabora, kijana mwenye haraka zisizo na kazi. Fundi mkuu akaniambia niende kwa Bi Nyamizi, mjane aliyekaa jirani na mto, anionyeshe masika maji hufika wapi. Daraja lingeinuliwa kwa kipimo hicho.

Nikamwamkia nimesimama nje ya ua, kama mtu anayewahi treni.

"Marahaba. Ingia ukae kwanza, baba, unywe uji. Kisha tutashuka wote nikuonyeshe."

Mimi nikae? Na mpira unaanza uwanjani! Nikaaga. Nikachungulia mto wenyewe; kiangazi kile ulikuwa mchanga mtupu. Nikarudi kwa fundi nikamwambia, "Bibi anasema hayapiti magoti." Uongo mtupu, mwanangu, na sikupepesa hata jicho.

Daraja likajengwa chini. Masika yalipokuja, mto ukashusha magogo na mabua, yakaziba pale chini ya daraja, maji yakapinda yakaingia kwa Bi Nyamizi. Majirani walimtoa mzima, lakini nyumba ililala yote, ile aliyoijenga na marehemu mumewe kwa tofali za kufyatua wenyewe.

Nilimkuta ameketi juu ya kinu, nguo zimejaa tope. Hakunitukana, ingawa alikwisha kusikia kwa fundi. Afadhali angenitukana.

"Baba, nilikukosea nini hata unisemee maneno nisiyoyasema?"

Mwanawe akaja kumchukua, akampeleka Usoke, na huko ndiko alikozikwa. Nilikuwa nikijiambia kila mwaka kwamba nitakwenda kumwomba radhi. Sikwenda.

Siku hizi kuna daraja jipya, refu, lina taa na njia ya waendao kwa miguu. Watu wananiambia mji umependeza, mzee. Naitikia, ndiyo, umependeza. Nimechoka, mwanangu. Magoti yanauma, na nikivuka pale sitazami upande wa kwake.

Basi ukitumwa kwa mtu, kaa. Kunywa uji wake, shuka naye mtoni hata kama anatembea polepole. Na kama hukumuuliza, sema hukumuuliza, utagombezwa, yataisha. Mungu akuzeeshe salama, mwanangu, na asikuachie radhi ya kumwomba mtu aliyekwisha kuzikwa.