Siku Mama Alipompeleka Mbwa kwa Mama Maria

Mbwa wetu hakuwa na jina. Aliitwa mbwa, basi. Akisikia mluzi wa baba alikuja mbio. Akisikia wa mtu mwingine alijifanya kiziwi. Alikuwa na rangi ya udongo, sikio moja limechanika, na kazi yake kubwa ilikuwa kulala mlangoni pale ambapo kila mtu alilazimika kumruka. Siku hizi nikiona mbwa wa kununuliwa, mwenye mkufu na chakula cha mkebe, huwa nacheka peke yangu. Wetu alikula ukoko wa ugali, na aliwahi kwenda hija.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo imeanza, nami nilikuwa na miaka sita. Shamba letu dogo la chai, upande wa Kapsoit, lilipakana na mashamba ya kampuni, na mtoto wa kimo changu akiingia chini ya michai humwoni tena. Juu matawi yameshikana, chini kuna njia za giza za panya na kware. Nilimfuata kware. Mvua ya mawe ya alasiri ikaanza, nikajikunja chini ya shina moja nikingoja iishe, na usingizi ukanichukua.

Mama alikuwa anachuna majani. Alipotaka kuyapeleka kituoni kupimwa ndipo alipogundua kwamba sipo. Aliita mpaka sauti ikakauka, kisha akakimbilia kituoni, kikapu bado mgongoni, ambako akina mama wenzake walikuwa wakisubiri lori la majani. Akasimama mbele yao akainua mikono. Alisema yeyote atakayempata mtoto wake, yeye mwenyewe atampeleka mtu huyo mpaka kule ziwani, kwenye groto, lile pango la sala la Mama Maria, wapige magoti pamoja wamshukuru Mungu.

Mama hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Hata peremende hakuniahidi. Na kwetu neno la namna hiyo, ukilisema umesimama, mbele ya watu, kwa jina la Mungu, halirudi mdomoni. Ukilivunja, watu waliamini, balaa halikupati wewe. Linampata mtoto uliyemwombea.

Wanaume waliingia mashambani kunitafuta, lakini aliyenipata ni mbwa. Alibweka mpaka wakamfikia, wakamkuta amelala juu ya miguu yangu, na hakukubali mtu anishike mpaka baba alipopiga mluzi. Mama alifika akihema. Alinizaba makofi mawili, halafu akanibeba mgongoni hadi nyumbani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mzito.

Kesho yake kijiji kizima kikakumbuka ile nadhiri, na kicheko kikaanza. Watu walimuuliza mama kama mbwa ameshanunuliwa rozari. Baba, ambaye hakuwahi kukosa mzaha, alisema tushukuru sikupatikana na fisi. Katekista alikuja kwa upole, akanywa chai, akaeleza kwamba nadhiri ni ya binadamu na binadamu, na kwamba mama anaweza kumpeleka yule mwanamume aliyesikia mbwa akibweka, ikatosha. Mama alimjibu kwamba kusikia si kuleta. Katekista akamaliza chai yake.

Sikuelewa wakati ule kwa nini mama alikuwa mkali hivyo. Nilichojua ni kwamba kila nilipokohoa alikuja kunigusa shingo, na kila aliponigusa alimtazama mbwa. Aliogopa. Mwanamke yule ambaye hakuwa akiogopa ng'ombe dume wala chifu, aliniogopea mimi.

Kila mwaka parokia ilikodi lori kwenda kule groto, na mama alikuwa ameitamani safari hiyo tangu aolewe. Safari hii akajiandikisha. Jioni ya kuamkia siku yenyewe baba alimwogesha mbwa kwa dawa ya kupe, ile ya ng'ombe, akisema hatakubali tuaibishwe mbele ya Mama wa Mungu. Mbwa alinuka dawa mpaka macho yetu yakatiririka machozi.

Ndani ya lori akina mama walikunja sketi na kunung'unika. Aliyetupa nafasi ni jirani yetu mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chai, mtu wa kule kule ziwani. Alimsogeza mbwa miguuni pake na kusema ameshasafiri na watu wanaonuka zaidi. Tulipoanza kuteremka kuelekea Ahero joto lilitupokea. Mimi niliyezoea sweta mwaka mzima nilidhani ninaugua. Mbwa alitoa ulimi wote nje, na yule jirani akawa anamimina maji kwenye kiganja chake, anamnywesha kidogo kidogo.

Tulifika. Nakumbuka ukuta mrefu, lango la chuma, na nyuma yake ziwa, maji mengi kiasi kwamba nilitafuta ng'ambo nikaikosa. Wenzetu waliingia wakiimba. Mlinzi alipomwona mbwa alinyoosha rungu mbele yetu. Mbuzi, mbwa na wachuuzi hawaingii, alisema, hiyo ndiyo sheria. Jirani yetu alimsemesha kwa lugha yao, kwanza kwa kubembeleza, baadaye kwa sauti ya juu. Mlinzi akatikisa kichwa. Akasema mama aingie, mbwa afungwe pale langoni.

Mama akamwangalia vizuri, kama anayepima majani kabla ya kuyatia kikapuni.

"Huyu ndio aliniletea mtoto," akasema. "Kama ni wewe ungemleta, ningekubeba wewe mpaka hapa."

Mlinzi hakuliteremsha rungu. Kusema kweli simlaumu. Alikuwa na kazi ya kulinda. Mama alimuuliza kitu kimoja tu, kama maji ya ndani ya ukuta na ya nje ni ziwa moja. Mlinzi akasema ni moja.

Tukauzunguka ukuta kwa nje. Ulipoishia ufukweni palikuwa na mawe, na ukikaa juu ya mawe hayo uliiona groto kwa upande wa nyuma: pango la mawe, na sanamu ya Mama Maria ikiwa imetupa mgongo, shela nyeupe na visigino. Hapo ndipo mama alipopiga magoti. Alimvuta mbwa akamlaza kushoto kwake, mimi akanipigisha magoti kulia. Mbwa hakutaka ibada. Alitaka samaki wadogo walioanikwa pale karibu, tena alishakula wachache kabla ya mama kukaza kamba. Mama akasali kwa Kikipsigis, kwa sauti ya kawaida, kama anayempa mtu habari za nyumbani. Alisema nimekuja, huyu hapa, na mtoto huyu hapa. Alisema deni limekwisha, usimguse tena. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa, mwingine juu yangu.

Baadaye jirani alikuja mbio kutoka langoni. Mlinzi amelegea, alisema, na amekubali kumshika mbwa, mama aingie haraka amwone Mama Maria kwa mbele kabla lori halijaondoka. Mama alimshukuru sana, akakataa. Alisema aliahidi wapige magoti pamoja, na wameshapiga.

Jirani akarudi. Mimi niliudhika. Nilikuwa nimesikia habari za uso wa sanamu ile tangu nizaliwe, jinsi ulivyo mpole, jinsi wengine hulia wakiuona. Nikamuuliza mama kama haoni uchungu kuja mbali hivyo, miaka yote hiyo ya kutamani, na kurudi bila kuiona sura yenyewe.

Mama alinigeuza nimtazame. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Sura nilikuwa naomba nione," akasema, "ni hii yako."

Halafu akaniambia nipanguse makamasi, lori linatungoja.