Mikungu Miwili kwa Vibaba Vitano

Swali moja lilinigharimu mwaka mzima wa shule. Hadi leo nikinusa ndizi mbivu namwona yule mkaguzi Mzungu akiniuliza, mimi binti wa darasa la kwanza: "Mkungu mmoja wa ndizi ni vibaba vitatu vya mahindi. Mikungu miwili je?"

"Vibaba vitano, bwana."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Sokoni Same, nilikoshuka na mama kila wiki, anayechukua miwili hupunguziwa.

"Vitano."

Akaandika kwamba nirudie darasa. Mwalimu wetu, aliyechukua kwetu miwili kwa vitano juzi tu, aliitazama tu chaki mkononi mwake.

Jioni mama alimfuata kwake, akamwamkia vizuri.

"Mwalimu, kama jibu ni sita, naomba kibaba changu cha sita."